Timu Kumi na Nne, Seva Moja ya Majaribio

Tulianza watu saba kwenye chumba kilichokuwa stoo ya karatasi, ghorofa ya pili, makao makuu ya benki moja hapa Dar es Salaam. Programa watatu, mpimaji mmoja, kijana wa kubuni skrini, mimi niliyeratibu kazi, na dada mmoja tuliyempata idara ya mawakala ambaye kabla ya hapo alikuwa amekaa dirishani kwenye tawi la Kariakoo miaka sita. Tulishughulikia huduma ya mawakala: mteja anafika dukani, anaweka au anatoa pesa, wakala anabonyeza nyota, tarakimu na reli kwenye simu yake ndogo, muamala unakamilika.

Kila Alhamisi tulibeba toleo jipya tukaenda nalo mtaani. Huko ndiko mama mmoja mwenye duka la vipodozi alikotuonyesha tatizo ambalo ofisini hakuna aliyeliona. Skrini yetu ilionyesha jina la mpokeaji baada ya wakala kuweka namba ya siri. "Sasa wanangu," akatuambia, "nikishaona jina si lenyewe, hela si imeshakwenda?" Alhamisi iliyofuata tulirudi kwake, na jina lilikuwa linatokea kabla ya namba ya siri. Sijawahi kufanya kazi ya kompyuta yenye raha kama ile.

Kwa hiyo wakuu walipotaka idara nzima ya TEHAMA ifanye kazi "kama wale wa stoo", nilifurahi kuliko mtu yeyote. Mtindo huo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi, ukimrudia mteja mara kwa mara, unaitwa ajaili, na nilipewa jukumu la kusaidia kuueneza kwa watu 120, timu 14. Niliyoyaona katika miaka mitatu ya kazi hiyo nayaandika hapa kwa sababu najua benki nyingine, kampuni za simu na taasisi za umma zinapita njia hiyo hiyo sasa, na inaniuma kuona vijana wazuri wakichokea pale pale tulipochokea sisi.

Ajaili yenyewe ilianza kwa udogo. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani, wakaandika ilani fupi sana: watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko makabrasha, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Ilani haikueleza timu 14 zitaishije pamoja. Mwongozo wa 2020 wa Skramu, utaratibu wa ajaili unaotumika zaidi kwa timu moja moja, unasema timu kwa kawaida iwe na watu 10 au pungufu. Pengo hilo ndilo lililokuja kujazwa na mifumo ya ukuzaji, yaani ya kuipanua ajaili kwa timu nyingi: SAFe ya Dean Leffingwell, iliyotoka 2011, LeSS ya Craig Larman na Bas Vodde, Nexus ya Ken Schwaber, na utaratibu wa Spotify, kampuni ya Sweden ya muziki mtandaoni, ulioelezwa na Henrik Kniberg na Anders Ivarsson mwaka 2012.

Sisi tulichukua SAFe kwa sehemu kubwa, maana ndiyo iliyoeleweka kwa wakurugenzi. Ina michoro ya ngazi zote, ina vyeo vyenye majina, na inachukua watu 50 hadi 125 kama abiria wa treni moja wanaopanga pamoja kazi ya wiki 8 hadi 12. Majina ya vikundi tukayachukua Spotify, na hapo tukakwama siku ya kwanza. Vikundi vikubwa kule Sweden walivipa neno la Kiingereza lenye maana ya makabila. Kwenye ofisi ya Kitanzania hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kusimama mbele ya wenzake aseme yeye ni wa kabila la mikopo na yule ni wa kabila la kadi. Tumelelewa kuliacha neno hilo nje ya kazi. Tukakubaliana kusema "mitaa", na kila mtaa ukapata mwenyekiti wake. Jina tulibadilisha, lakini hatukujiuliza ni mambo gani mengine katika utaratibu ule yalikuwa ya kwao tu. Waandishi wa waraka ule wa 2012 walionya wenyewe kwamba wameeleza hali ya wakati ule na kwamba safari inaendelea. Sisi tuliusoma kama ramani ya nyumba iliyokwisha kujengwa.

Upangaji wa kwanza tuliufanya kwenye ukumbi wa kukodi Mikocheni, siku mbili. Ukuta mzima ulijaa vijikaratasi vya rangi, na nyuzi nyekundu zikiunganisha kazi ya timu moja na kazi ya timu nyingine inayoitegemea. Upande wa timu ya mfumo mkuu wa benki, ule unaotunza akaunti na miamala yote, nyuzi zilikuwa nyingi hadi vijikaratasi havisomeki. Nilipita pale mara kadhaa nikidhani naona ushirikiano. Leo ningesimamisha shughuli yote tuzungumzie nyuzi zile peke yake.

Mwisho wa siku ya pili utaratibu unataka kila mtu apige kura kwa vidole. Kimoja maana yake huna imani kabisa na mpango, vitano una imani kamili. Mkurugenzi wetu alikaa mstari wa mbele pamoja na wageni wawili wa bodi. Mwongozaji akahesabu moja, mbili, tatu, mikono ikainuka ukumbi mzima: vinne, vitano, vitano, vinne. Binti mmoja mpimaji, mwaka wake wa kwanza kazini, aliinua viwili.

Mkurugenzi akamwona. "Eh, binti, vipi? Hebu tueleze."

Akasimama. "Shikamoo mzee. Samahani sana. Timu zote 14 zimeandika zitapima kazi zao wiki ya tano na wiki ya tisa. Seva ya majaribio iliyounganishwa na mfumo mkuu ni moja. Nimejaribu kupanga zamu, hazitoshi."

"Marahaba. Hilo tutaliangalia nje ya kikao."

Mpango ukapita kwa makofi. Jioni ile msimamizi wa binti yule alimwita pembeni akamwambia amewaaibisha wakubwa mbele ya wageni. Nilikuwa hatua chache tu, nikasikia kila neno, na sikusema kitu. Nikajiambia nitazungumza naye Jumatatu, na Jumatatu ikaja na mambo yake. Katika yote ya miaka ile hilo ndilo linalonisuta mpaka leo, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli tupu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwawezesha watu kusema kama alivyosema.

Wiki kumi zilipokwisha, timu tano kati ya 14 ndizo zilizokuwa zimefikisha kazi zao kwa wateja.

Wengi nikiwasimulia hili hunijibu kwamba tatizo ni malezi yetu ya kuwaheshimu wakubwa, na kwamba ajaili haiwezi kuota kwenye udongo wa shikamoo. Siamini hivyo hata kidogo. Heshima haikumzuia binti yule. Alisalimia, akaomba radhi, akasema jambo lake waziwazi kuliko wanaume wazima 60 waliokuwa mle ndani. Neno lake ndilo lililokosa pa kutua. Hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kulipokea wala fungu la fedha la kulitekeleza, na mpango ulikuwa umeshakubaliwa mioyoni kabla ya kura.

Kipindi cha pili tulijibu kwa vikao. Kila asubuhi, baada ya timu kukutana, wawakilishi 14 walikutana wao kwa wao, kisha wenyeviti wa mitaa, kisha sisi waratibu na meneja. Kufika saa nne na nusu, watu wangu bora walikuwa bado hawajagusa kazi. Nilifanya hesabu ambayo Fred Brooks, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliiweka wazi tangu 1975: watu saba wana njia 21 za kuzungumza wawili wawili. Watu 120 wana njia 7,140. Hata ukihesabu timu tu, 14 zina njia 91. Hakuna ratiba ya vikao inayoweza kuzihudumia. Kila kikao tulichoongeza kilikuwa kinatupa habari kwamba fulani bado anamsubiri fulani, na habari hiyo tulikuwa nayo jana.

Nikaamua kufuata kazi moja tu, mguu kwa mguu, na daftari mkononi. Nilichagua ndogo: kubadilisha ada ya kutoa pesa kwa wakala kwenye viwango viwili vya chini. Programa aliimaliza kwa siku mbili. Mpimaji na mtu wa mfumo mkuu walihitaji siku tatu kwa pamoja. Siku tano za kazi ya mikono. Lakini tangu iandikwe kwenye orodha hadi mteja wa kwanza alipokatwa ada mpya, zilipita siku 41. Nilihesabu 36 zilizobaki: 11 kusubiri zamu ya seva ya majaribio, tisa kusubiri watu wa mfumo mkuu, sita kusubiri idhini ya usalama, kumi kusubiri kamati ya mabadiliko, inayoidhinisha kila badiliko kabla halijawafikia wateja, ambayo hukaa Jumatano na ambayo Jumatano moja haikukaa kwa sababu ya kufunga hesabu za mwezi.

Hakuna timu iliyokuwa mvivu. Kila mmoja niliyemfikia alikuwa na kazi hadi shingoni, tena wengine walikuwa wanabaki hadi usiku. Ile kazi ilikuwa inalala kwenye foleni kati ya mtu na mtu. Sisi tulikuwa tumewafundisha watu 120 kusimama dakika 15 kila asubuhi na kukata kazi kwa wiki mbili mbili, ila foleni zenyewe hatukuzigusa. Sprinti, yaani kipande hicho cha kazi cha wiki mbili, haina maana kwa kazi yenye siku 36 za kungoja.

Nilimpelekea mkurugenzi daftari lile ofisini kwake, peke yetu. Namshukuru kwa aliyoyafanya. Alisoma ukurasa mmoja mmoja, akaniuliza jina la yule binti, akamwita. Alimwomba radhi mbele yangu na mbele ya msimamizi wake. Kisha akamwuliza zinahitajika seva ngapi. Bajeti ya mwaka ilikuwa imefungwa, na kwa taratibu za manunuzi tungesubiri mwaka mwingine. Akasitisha mradi mmoja wa kupamba tovuti, akahamisha fungu lake. Baada ya miezi miwili tulikuwa na mazingira matatu ya majaribio, yenye taarifa za wateja zilizofutwa majina na namba, ambayo timu ingeweza kuyasimamisha upya yenyewe bila kumwomba mtu. Zile siku 11 zikabaki mbili.

Za mfumo mkuu zilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa pale tulikuwa tunagusa watu. Timu zetu tulizipanga kwa mitambo: timu ya simu, ya tovuti, ya kadi, ya mfumo mkuu. Mteja anayetaka kufungua akaunti kwa simu alipita kwenye timu nne. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa mfumo unaofanana na mpangilio wa mawasiliano yake yenyewe. Mteja wetu aliuona mpangilio wetu kila siku bila kuujua. Aliombwa tarehe ya kuzaliwa mara mbili kwenye ombi moja, kwa sababu timu mbili hazikuwa zimezungumza.

Tulitaka kupanga upya kwa haja ya mteja: kufungua akaunti, malipo, mikopo midogo, mawakala, na kila timu iwe na mtu anayeujua mfumo mkuu. Wataalamu hao walikuwa wanne benki nzima. Mkubwa wao, aliyekuwa kwenye kazi hiyo tangu matawi yalipokuwa yanatuma hesabu kwa diski, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, nimekuelewa," akaniambia. "Mimi nikienda kukaa na vijana wenu huko, saa nane za usiku mfumo ukianguka, anapigiwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mifumo yote niliyosoma ilikuwa na michoro mizuri ya timu kamili, na hakuna hata mmoja ulionisaidia na swali la saa nane za usiku. Mzee huyu alikuwa amebeba benki mgongoni kwa simu yake ya mkononi, na tulipomwita kizuizi kwenye chati zetu tulimkosea. Tulikaa naye wiki tatu kulipanga. Zamu ya usiku ikaandikwa rasmi na kulipwa. Vijana sita wakakaa naye mmoja mmoja, wakiandika msimbo, yaani maandishi ya programu, pamoja kwenye kompyuta moja, mwezi hadi mwezi. Alipoona wawili wa kwanza wamemaliza kufunga hesabu za mwezi bila kumpigia, alikuja mwenyewe kuniambia yuko tayari kuhamia timu ya mikopo. Ilichukua miezi minane. Washauri walikuwa wamesema wiki sita.

Kamati ya mabadiliko tuliiogopa bure. Mimi niliamini wakaguzi wa ndani ndio wanaotaka sahihi tisa kwenye fomu. Nilipoketi na dada mmoja wa ukaguzi, akanieleza kwamba anachohitaji ni kujua nani alibadilisha nini, nani mwingine alikagua, vipimo gani vilipita na saa ngapi. Fomu yenye sahihi tisa haimwambii hayo. Mara nyingi watu watano kati ya tisa hawajui wanasaini nini. Vipimo vya kujiendesha vilivyokuwa vinaandika kumbukumbu kila msimbo unapoingia vilimpa ushahidi bora. Tukakubaliana kwamba mabadiliko madogo yenye kumbukumbu kamili hayapiti kamatini, na makubwa yanapita. Idara ya vihatarishi ikataka orodha ya yepi ni madogo, tukaiandika pamoja kwa siku moja. Yule dada alikuwa ghorofa ya tano muda wote huo, na hakuna aliyekuwa amepanda kumwuliza.

Wakati huo nilikuwa natafuta mfano wa taasisi kubwa iliyokwisha kupita hapa, nikasoma habari za FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Waliachana na mfumo wao wa majalada ya kesi mwaka 2005 baada ya kuugharamia kwa mamilioni ya dola. Uliofuata, Sentinel, nao ukachelewa mikononi mwa mkandarasi. Mwaka 2010 wakauchukua ndani kwa mtindo wa ajaili, na ukaanza kutumika kote mwaka 2012. Kilichonisimamisha ni kwamba walipouchukua walipunguza watu, tena sana. Mimi muda wote nilikuwa nafikiria ukuzaji ni kuongeza: timu, ngazi, waratibu, kalenda. Larman na Vodde wanasisitiza jambo hilo hilo kwa njia yao: LeSS ya kawaida ni timu mbili hadi nane, orodha moja ya kazi, mwenye bidhaa mmoja anayeamua kipi kitangulie, na mambo ya kati yapungue kadiri inavyowezekana. Nilikuwa nimeisoma mwanzoni nikaiona nyembamba mno kwa benki.

Tukaanza kupunguza. Timu 14 zikawa tisa, bila kumfukuza mtu. Wengine walikwenda kwenye kazi za matengenezo zilizokuwa zimeachwa yatima, na wachache walirudi idara za biashara, ambako walihitajika kweli. Cheo cha uenyekiti wa mtaa tukakifuta, nami nikapoteza marafiki wawili kwa hilo. Kikao cha wawakilishi kikawa mara mbili kwa wiki. Nyuzi nyekundu tukaanza kuzihesabu: kila upangaji, kabla ya kuuliza nani atafanya nini, tunauliza uzi upi tunaweza kuukata kwa kuhamisha kazi, mtu au uamuzi. Upangaji wa kwanza ulikuwa na nyuzi 63. Wa sita ulikuwa na 17.

Kura nayo ilibadilika. Siku hizi inapigwa kwa karatasi, bila majina, asubuhi ya siku ya pili, wakati mpango bado unaweza kubadilishwa. Mkurugenzi anafika baada ya karatasi kuhesabiwa, anasoma matokeo, na anauliza swali moja kwa kila timu: mnamsubiri nani? Anaandika jibu kwa mkono wake, na wiki mbili baadaye anarudi na karatasi ile kusema amefanya nini. Mara ya kwanza wastani wa kura ulikuwa chini ya vidole vitatu, ukumbi ukawa kimya. Mara ya pili watu walianza kutaja majina ya mifumo na tarehe.

Yule binti sasa anaongoza timu ya malipo. Alhamisi yake ya kwanza kama kiongozi aliichukua timu nzima, wakiwemo wale wa mfumo mkuu ambao hawakuwahi kukutana na wakala, akaenda nao Kariakoo. Nilikwenda nao. Mmoja wa wale vijana alisimama karibu saa nzima nyuma ya kaunta ya duka la simu akitazama foleni ya watu na muamala unaosuasua, kisha akaniambia muda wa kusubiri jibu waliouweka kwenye mfumo ni mrefu mno, mteja anakuwa ameshaondoka. Niliandika kwenye daftari lile lile. Marekebisho yalifika kwa wateja siku ya tisa.

Timu ya kadi bado haijatoka kwenye foleni. Sehemu kubwa ya kazi yao iko kwa mzabuni wa nje, mkataba una miaka miwili mbele, na kila badiliko linaandikiwa barua na kulipiwa peke yake. Tumejaribu kuwaweka watu wao wakae na sisi, wakakubali siku mbili kwa wiki. Ombi lao la sasa liko siku ya 12.